Uliza Metre: Mtu iko Kasapa, dosie haijulikani iko wapi

Jambo kwenu wasomaji. Barua za mwezi huu ni nyingi na karibu zote zinagusa jambo moja, mtu anakamatwa hapa Lubumbashi, anapita polisi, parke (ofisi ya prokirere, yaani mwendesha mashitaka), tribinali, jela, na kati ya ofisi moja na ingine habari zake zinapotea, familia inabaki kukimbia tu Palais (jumba la tribinali) na Kasapa (jela ya mji), Kasapa na Palais. Nimechagua barua sita. Majina ya watu nimetoa, ya makomisaria pia nimetoa, juu ninachotaka ni watu wajue njia.

SWALI. Jambo Metre, miye ni mama wa ku Katuba. Mudogo wangu balimukamata mu soko ya Kenya (komini ya hapa Lubumbashi) mwezi wa tatu, banasema aliiba ma telefone. Akalala mu kasho (selo ya polisi) siku sita njo bakamupeleka ku parke, ku parke bakamutuma Kasapa. Sasa tuko mwezi wa munane. Kila nikienda ku parke banasema dosie ilisha enda ku tribinali, ku tribinali banasema bado hatuyaona kitu, ku jela banasema shiye tunangoja tu karatasi. Naleta bukari (ugali) kila juma na makuta (pesa) imeisha. Metre, dosie iko wapi na mutu wangu ataikala kule mpaka lini?

JIBU. Mama pole sana, na barua yako nimeisoma mara nyingi juu ndani yake mna kila kitu.

Nianze na kile unachoweza kufanya kesho asubuhi. Usirudi parke na jina la mdogo wako peke yake. Enda kwanza kwenye grefe (ofisi ya rejista) ya jela pale Kasapa, uombe wakuandikie namba zote walizonazo kuhusu yeye. Mtu mmoja akikamatwa katika mji huu anapata namba mpya kila ofisi anayopita: polisi wanaandika PV (ripoti ya kosa) yenye namba yao, akifika parke dosie inapewa namba ya RMP, dosie ikiingia tribinali inapewa namba ya RP, na jela wenyewe wanamwandika katika rejista yao ya kuingia na namba yao. Hizo namba hazifanani na hakuna kitabu kimoja kinachoziweka pamoja. Na majina yenyewe, hapa kwetu akina Ilunga, akina Kabwe, akina Mwamba ni wangapi, tena polisi wanaandika jina hivi, jela wanaandika vile, post-nom inawekwa mbele ama inasahauliwa. Sasa unafika dirishani unataja jina, grefie anafungua rejista ya RP, hapati, anakuambia haijafika. Hakudanganyi. Na yule wa parke anayekuambia imeenda, huenda naye hakudanganyi, juu kwake yeye dosie imetoka kwenye meza ya majistra, yule wa parke anayeshika kesi. Lakini kutoka meza ya majistra hadi kuandikwa tribinali kuna safari, dosie inabidi ipite sekretaria ya parke, itumwe na ombi la kufiksia tarehe, ipokelewe tribinali, ipewe RP, halafu prezida wa tribinali apange tarehe na juji. Mahali hapo ndipo dosie nyingi za watu maskini zinalala, na kila ofisi inaamini sehemu yake imeisha.

Kwa hiyo ukishapata RMP, rudi parke uulize maneno haya hasa: RMP hii iko kwa majistra gani, amemshitaki kwa kosa gani, dosie imetumwa tribinali gani, tarehe gani, na nani alisaini kupokea. Kuna kitabu cha kutuma madosie, aliyepokea anatia sinyatire. Ikiwa hakuna sinyatire, basi haijaenda, iko palepale parke hata kama wanasema imeenda.

Swali la kosa usiliache, mama. Wizi wa kawaida sheria inaupa mpaka miaka 5, na makosa ya mpaka miaka 5 yanaenda tribinali ya amani, ile tunaita Tripe. Lakini kama majistra ameandika wizi wa kuvunja nyumba ya watu ama wa usiku katika nyumba ya kukaliwa, kifungo kinaweza kufika miaka 10, na hapo dosie inaenda tribinali kubwa, tribinal de grande enstanse. Na Tripe katika mji huu si moja tu. Nimeona familia zinapanga mstari miezi kwenye tribinali ambayo haikuwa yao kabisa, na hapo dirishani hakuna aliyewaambia.

Sasa tuje kwa siku, juu hapa sheria iko wazi na ni vizuri uijue kwa kichwa. Konstitisio ya 2006, artikle 18, inasema gardavi, yaani kushikwa na polisi, haipiti masaa 48. Baada ya hapo mtu aachiliwe ama apelekwe mbele ya wakuu wa sheria. Siku sita za kasho alizolala mdogo wako zilikuwa nje ya sheria, na hilo linaweza kusemwa mbele ya juji. Akifika parke, majistra anaweza kumpa mandá ya muda (hati ya kumshika), MAP, na kama juji yuko mji huohuo, sawa na hapa Lubumbashi, lazima mtu apelekwe mbele ya juji ndani ya siku 5. Juji anakaa faragha, anasikiliza, akikubali anatoa ordonanse (amri ya kumfunga) ya siku 15. Siku 15 zikiisha wanaweza kuongeza mwezi mmoja, halafu mwezi, halafu mwezi. Kwa kosa la uzito kama wizi, ni mara tatu mfululizo tu. Zikipita, wa kuongeza tena ni juji katika odiense (kikao cha tribinali) ya wazi, watu wote wakiwa wanaona. Wewe hesabu: siku 15 na miezi 3, toka mwezi wa tatu, mwezi wa saba tayari ilipaswa kuwa na odiense ya wazi ama awe nje. Uliza kama odiense hiyo ilifanyika na tarehe gani. Kama jela hawana ordonanse ambayo bado ina nguvu, wanamshika bila karatasi.

Na nani anapaswa kuhesabu hizo siku? Hapo ndipo ninapoumia. Jela inaziona zinapita juu ina rejista, parke ndiyo inapaswa kuomba kuongezewa, juji ndiye anapaswa kusaini, polisi wameshasahau. Kwa hiyo kila mmoja anaona kipande chake na hesabu nzima inafanywa na dada mtu aliyebeba sahani ya bukari.

Fanya hivi: andika barua moja tu, kwa prokirere, ukiomba mdogo wako afungwe kwa sheria ama aachiliwe, ueleze tarehe zote, uweke namba zote. Chini uandike kopi kwa prezida wa tribinali na kopi kwa direktere wa jela. Kila ofisi ukipeleka, wakupigie muhuri kwenye kopi yako. Barua ya prokirere peke yake inaweza kukaa kwenye trei, lakini akiona kwamba prezida na direktere wanayo ilele, mambo yanatembea. Kuomba kuachiliwa kwa muda kunaruhusiwa pia, na kama juji ataweka dhamana ya makuta, pesa hizo zinalipwa kwa risiti na zinarudishwa kama mtu amejitokeza kila alipoitwa. Pesa yoyote isiyo na risiti, mama, hiyo si dhamana. Na kuna familia wanaombwa makuta ya mafuta ili gari ilete mtu Palais siku ya odiense. Gari la kuleta wafungwa ni kazi ya serikali. Najua kwamba watu wanatoa ili ndugu yao asikose odiense na siwezi kuwalaumu, lakini ombeni avoka (wakili) aliseme mbele ya juji, iandikwe kwamba odiense iliahirishwa juu mtu hakuletwa, isije ikaonekana ni yeye alikataa.

SWALI. Metre, mutoto wangu ana miaka kumi na tano balimukamata pamoja na bakubwa mu kartie, bamemufungia mu kasho moja nabo. OPJ (polisi wa uchunguzi) anasema bote ni dosie moja. Ni sawa? Baba wa Ruashi.

JIBU. Hapana baba, si sawa, na usingoje kesho. Sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inasema mtoto wa chini ya miaka 14 hawezi kabisa kuhukumiwa kwa kosa la jinai, na wa miaka 14 mpaka 18 anaenda mbele ya juji wa watoto, tribinali yao ni ingine. OPJ akimpokea mtoto anapaswa kujulisha wazazi mara moja na kumpeleka kwa juji huyo. Hata kama wakubwa na mtoto walikamatwa pamoja, njia zao zinagawanyika palepale.

Shida inatokea kwa sababu polisi wanaandika PV moja ya wote, parke inapokea PV moja, na miaka ya mtoto inaandikwa kwa kuangalia tu urefu wa mwili. Akishaandikwa miaka 19 kwenye PV ya kwanza, hiyo 19 inamfuata parke, inamfuata jela, na kila ofisi inakopi ya mwenzake bila kuuliza. Chukua cheti cha kuzaliwa, na kama hauna, karatasi ya ubatizo, kitabu cha shule ama karatasi ya hospitali alipozaliwa, peleka leo hii kwa OPJ na kopi kwa parke, useme kwa sauti: huyu ni mtoto, naomba iandikwe. Wakikataa kuandika, enda wewe mwenyewe kwenye tribinali ya watoto na karatasi hizo.

SWALI. Metre miye niko na kibanda cha kuuza unga ku Kampemba. Bezi balivunja mara mbili. Mara ya pili tulibashika shiye benyewe, tukabapeleka ku polisi, siku ine kisha tunabaona mu barabara banatucheka. Tuseme nani njo anabafunguaka, polisi ama parke? Bijana ba kartie banasema ingine mara hatutapeleka mutu polisi, tutabachoma.

JIBU. Ndugu yangu, nakuelewa, na hasira ya kuvunjiwa mara mbili mtu asikuambie ni ndogo. Lakini hilo la kuchoma mtu msiliseme tena, lisirudi. Mtu akichomwa, wanaofungwa ni vijana wenu, kwa kuua, na mwizi mwingine atakuja tu.

Nani amewafungua? Sijui dosie yenu, lakini nikueleze inavyotokea mara nyingi. Polisi wana masaa 48. Ndani ya hayo masaa OPJ anaandika PV. Kama ndani ya PV mna maneno tu, "ni wezi wanaojulikana wa kartie", hamna kitu kilichopatikana mkononi, hamna shahidi mwenye jina na adresi, hamna mwenye mali aliyekuja kusema mali ni yake, majistra wa parke anashika karatasi isiyo na kitu. Sheria inamtaka aone dalili nzito za kosa kabla ya kumfunga mtu. Hana, anaachilia. Ndiyo, rushwa iko pia, kila mtu mjini anaijua, na nikisema haipo nitakuwa nawadanganya. Lakini watu wengi wanatoka kwa sababu ya PV mbovu kuliko tunavyodhani.

Na jambo ambalo linaniuma zaidi ni kwamba yule OPJ hakuna anayemrudishia habari. Parke ikiachilia, haimuandikii OPJ kwamba tumemwachilia juu ulikosa hiki na hiki. Polisi anamkuta mtu barabarani kama wewe ulivyomkuta, anasema moyoni parke wamekula, na wiki ijayo anaandika PV ilele, na majistra anaachilia tena. Kwa sheria OPJ katika kazi yake ya uchunguzi yuko chini ya mamlaka ya parke, hata kama cheo chake na mshahara wake viko polisi, kwa hiyo parke ina haki na ina wajibu wa kumfundisha. Kama kila juma majistra mmoja angekaa na ma-OPJ wa komini moja, wapitie PV zilizoanguka, sidhani ungeniandikia barua hii.

Kwa upande wenu nyinyi wenye mali: mkishashika mtu na kumpeleka, kazi yenu haijaisha. Mwenye mali aweke plente (malalamiko) kwa jina lake, namba yake ya simu iandikwe ndani ya PV, juu konvokasio (barua ya kuitwa) ya parke inapitia mikono mingi na mara nyingi haifiki, majistra anakaa anamngoja mlalamikaji ambaye hajui kwamba anangojwa. Siku ya tatu enda mwenyewe parke uulize RMP. Na mtu kuachiliwa kwa muda si mwisho wa kesi, dosie inaweza kuendelea akiwa nje, na wewe unaweza kujiunga kama parti sivile uombe fidia ya unga wako.

SWALI. Polisi mmoja alinipiga sana mu barabara ya Kasenga bila kosa. Nikaenda ku parke kuweka plente, bakaniambia enda ku oditora. Nikafikiri bananizungusha. Kijana wa Bel-Air.

JIBU. Safari hii hawakukuzungusha, mdogo wangu. Artikle 156 ya Konstitisio inasema makosa ya wanajeshi na ya polisi yanahukumiwa na tribinali za jeshi, na mwendesha mashitaka wa huko ndiye oditere. Lakini parke wangeweza kukuambia hivyo kwa adabu, wakakuandikia karatasi moja ya kukupeleka, na sasa umepoteza siku.

Ulichokosa kuniambia ni kama ulienda hospitali. Enda, hata leo, Sendwe ama kituo cha afya kilicho karibu, daktari aandike alichokiona na tarehe. Oditora wataomba daktari kwa rekizisio, yaani barua rasmi ya kumtaka aseme, lakini michubuko haingoji rekizisio. Piga foto pia. Kama ulipigwa ukiwa mikononi mwao ili ukubali kosa, sema hivyo hasa, juu sheria ya Julai 2011 inaadhibu mateso kama kosa la peke yake.

SWALI. Metre, niko mwanafunzi wa UNILU. Nilisikia ya kwamba mu miji ya Marekani polisi, prokirere, majuji na jela biko na komite moja kwa kupatana kazi. Ni kweli ama ni maneno? Na hapa Lubumbashi ingewezekana?

JIBU. Ni kweli, na mfano mzuri kwetu ni Washington, mji mkuu wao, juu pale pia wakuu wa idara hawana bosi mmoja. Sikiliza jinsi ilivyo. Polisi wa mji wako chini ya meya. Lakini mtu mzima akifanya kosa kubwa anayemshitaki ni prokirere wa serikali ya taifa, na mtoto anashitakiwa na mwanasheria mkuu wa mji. Mwaka 1997 bunge la taifa lilipitisha sheria iliyochukua gharama za mahakama kutoka kwa mji, na waliohukumiwa makosa makubwa wakaanza kupelekwa kwenye magereza ya taifa, gereza la zamani la mji huo lililokuwa Lorton likafungwa 2001. Jela ya wanaongoja hukumu ikabaki ya mji. Kwa hiyo mtu mmoja aliyekamatwa barabarani anapita mikono ya mji, ya taifa, ya mji, ya taifa.

Wakaona haiwezekani. Mwaka 1998 wakuu wakaandikiana makubaliano ya kukaa pamoja, na 2001 baraza hilo likafanywa idara huru lenye wafanyakazi wake. Wanaokaa ni meya, mkuu wa baraza la mji, juji mkuu, mkuu wa polisi, prokirere, mkuu wa jela, na, hili nakuomba ulishike, mkuu wa mavoka wanaotetea maskini. Baraza halina nguvu ya kumuamrisha yeyote. Linawaita, linaweka mezani hesabu, linauliza kwa nini. Na wana mfumo wa kompyuta ambao kila idara inabaki na dosie zake lakini inaruhusu wengine waone kile wanachohitaji, tarehe ya odiense, mtu yuko jela ama nje. Washington haijamaliza uhalifu, nisikudanganye, na ugomvi wa mji na taifa uko kila mwaka. Lakini dada wa mfungwa hatumiki kama mjumbe kati ya ofisi.

Sasa hapa kwetu. Angalia kamba zetu zinavyokwenda Kinshasa: polisi wanaripoti wizara ya mambo ya ndani, jela iko wizara ya sheria, majuji kazi yao inasimamiwa na baraza kuu la majistra, parke iko katikati, majistra wake wako kwenye baraza hilo lakini waziri wa sheria anaweza kuwapa maagizo, na tribinali za jeshi ziko na njia yao. Hakuna mtu mmoja Lubumbashi anayeweza kuwaambia wote njooni mkae hapa saa tatu. Gavana akiwaita wanakuja kwa heshima, lakini juji hawezi kupokea amri kwa gavana na haifai apokee. Kwa hiyo ni lazima iwe makubaliano, kama wenzetu walivyoanza.

Na isiwe kitu kikubwa cha hoteli na perdiem. Mikutano mikubwa tumeshaona, Novemba 2024 kulikuwa na Etats généraux za sheria kule Kinshasa, mapendekezo mengi yakaandikwa. Mimi ninachotaka ni karatasi moja kila Jumatatu. Grefe ya Kasapa iandike orodha ya watu wote ambao hawajahukumiwa: jina, namba ya jela, RMP, siku aliyoingia, siku ordonanse inaisha. Kopi iende parke, parke iandike pembeni majistra ni nani na dosie iko wapi. Kopi iende tribinali, waandike RP na tarehe. Baada ya siku chache orodha inarudi jela imejaa, na mahali palipobaki wazi kila mtu anaona ni nani amelala. Hata kompyuta hauhitaji, unahitaji rejista, kalamu na mtu mmoja wa kutembeza. Halafu wakutane mara moja kwa mwezi juu ya yale mapengo tu, waone pia gari moja litaleta watu wa odiense za siku gani, ama juji aende Kasapa afanye odiense foreni kulekule badala ya kungoja gari. Hilo la odiense ndani ya jela limeshafanyika mara nyingi nchini mwetu, kinachokosa ni kulifanya mfululizo.

Kuna hatari moja ambayo nataka nyinyi wanafunzi wa sheria muifikirie sana. Juji akikaa na polisi na prokirere chumba kimoja kila mwezi, watu wa nje watasema hukumu zinapikwa humo. Wana haki ya kuogopa. Ndiyo maana nasema avoka lazima awe mezani, na kinachozungumzwa ni tarehe, magari, orodha, vyumba, kamwe si "huyu ana kosa ama hana". Konstitisio artikle 149 na 151 zinalinda uhuru wa juji, na mtu yeyote akileta jina la kesi moja ili aombe upendeleo, mkutano ufungwe.

Kwa nini nasema ni haraka? Kasapa ilijengwa kwa watu kama 800 na kwa miaka mingi imebeba wengi kuliko hao mara mbili na zaidi, na sehemu kubwa ni watu ambao hawajahukumiwa. Tarehe 25 Septemba 2020 wafungwa waliasi, moto ukawashwa, sehemu ya wanawake ikaungua, na kwa siku tatu wanawake wa pale wakabakwa, msichana mdogo akiwa kati yao. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika ushuhuda wao.  Mtu ambaye dosie yake imelala kwenye trei ya Palais hapotezi siku tu, anawekwa mahali ambapo jambo kama hilo linaweza kumfika.

SWALI. Shina makuta ya avoka. Banasema kuko avoka wa bure, ni kweli? Mama wa Kenya.

JIBU. Ni kweli mama. Baro ya mavoka ina ofisi ya konsiltasio ya bure, uliza pale Palais watakuonyesha, na avoka anaweza kupewa kesi yako pro deo, yaani bila malipo. Waweza kuombwa cheti cha umaskini, endijanse, uliza kwenye komini yako utakipata vipi. Enda na karatasi yenye majina kamili ya mtu wako, siku aliyokamatwa, mahali, namba zozote ulizopata na simu yako. Avoka wa pro deo akikuomba makuta ya kazi yenyewe, rudi kwa ile ofisi useme, wana batonie wao, mkuu wa mavoka, wa kuwasikiliza.

Na usingoje kesi ifike tribinali. Artikle 19 ya Konstitisio inasema mtu anaweza kusaidiwa na mtetezi wake toka uchunguzi wa polisi, hata siku ya kwanza ndani ya komisaria, na OPJ akikuambia mavoka wanaingia tu mbele ya juji, mtajie artikle hiyo na umwombe aandike ndani ya PV kwamba avoka alikuja akakataliwa.